Ruhusa ya Kucheza Iandikwe: Mazoezi kwa Watoto Waliozaliwa na Kasoro za Moyo

Hotuba kwa wazazi, walimu wa shule na walimu wa madrasa, Lamu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, na kwa wote habari za asubuhi. Maustadhi wetu, walimu wakuu, wahamasishaji wa afya wa mitaani, akina mama na akina baba mliokuja na watoto, karibuni. Walio nyuma wasogee mbele, nafasi ipo.

Tumeombwa tuseme kuhusu mazoezi ya watoto waliozaliwa na kasoro za moyo. Sisi ni wataalamu wa tiba ya viungo. Mambo ya upasuaji tunawaachia wenyewe walioko Nairobi, Dar es Salaam na kwingineko. Kazi yetu huanza mtoto anaporudi nyumbani, anaposhuka mashuani Lamu na nyanya yake yuko gatini anamsubiri, na kila mmoja anajiuliza: sasa huyu aachwe acheze, ama akalishwe?

Tunalotaka mwende nalo leo ni hili: ruhusa ya kucheza iandikwe kama dawa inavyoandikwa. Acheze mchezo gani, kwa dakika ngapi, kwa nguvu gani, mara ngapi kwa wiki, na dalili ipi ikitokea asimame. Akikatazwa, katazo nalo liandikwe pamoja na sababu yake na tarehe ya kuangaliwa tena. Mtoto aliyekatazwa kwa neno la mdomo tu, "huyu ana moyo, asikimbie", hukaa barazani miaka mingi hata baada ya moyo kutengenezwa, maana hakuna aliyemwambia ni lini ainuke. Huko kukaa nako kuna madhara yake. Misuli ya miguu hupungua, na misuli dhaifu hutumia oksijeni vibaya, hivyo kazi ileile ndogo ya kupanda ngazi humchosha zaidi. Mama akimwona anahema husema si tuliwaambia, na kumkalisha tena. Uzito huongezeka. Mwishowe haijulikani uchovu upi ni wa moyo na upi ni wa kukaa.

Tuanze na kasoro zenyewe, kwa sababu mtu hawezi kupangiwa mazoezi kwa jina la "tundu la moyo" peke yake. Katika kila watoto 1000 wanaozaliwa hai, kama 8 au 9 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo. Wengi wao wana tundu kati ya vyumba vya moyo. Tundu likiwa dogo na likajiziba, au likazibwa vizuri, na presha ya mapafu ikawa sawa, mtoto huyo akishapona hana sababu ya kutengwa na wenzake. Acheze mpira, akimbie, aogelee. Twasema hivyo kwa nguvu kwa sababu hao ndio wengi, na ndio wanaokalishwa bure.

Wengine wana hesabu tofauti. Kuna mtoto ambaye mshipa mkubwa wa aota ulibanwa mahali. Hata baada ya kupanuliwa, presha yake inaweza kupanda sana wakati wa mazoezi, kwa hiyo apimwe presha, na apimwe mkono wa kulia, kwa kuwa mkono wa kushoto unaweza kudanganya ikiwa matengenezo yaligusa mshipa wake. Huyo atembee, akimbie polepole, aendeshe baiskeli, lakini kubeba na kusukuma vitu vizito huku amejikaza, hapana. Kuna mwenye vali ya aota iliyo nyembamba sana, moyo wake unasukuma damu kwenye mlango mdogo. Akikimbia kwa kushindana anaweza kuzimia, au zaidi ya hapo. Hilo ni katazo la kweli, na daktari wa moyo ndiye hulitoa baada ya kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kuna mwenye kasoro aliyoielezea daktari Mfaransa Fallot mwaka 1888, yenye mambo manne ndani yake. Huyu hutengenezwa, hukua, hucheza, lakini vali ya kwenda mapafuni mara nyingi hubaki inavuja na mapigo yanaweza kuvurugika miaka mingi baadaye. Kwa hiyo haachi kliniki hata akiwa ndiye mwenye mbio kuliko wote darasani.

Kisha kuna watoto wenye chumba kimoja tu cha moyo kinachofanya kazi. Upasuaji wao wa mwisho, ule ulioanzishwa na Francis Fontan huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1968, huipeleka damu mapafuni moja kwa moja bila pampu ya kuisukuma. Jamani, fikirini maana yake. Damu ya miguuni inarudi juu kwa msaada wa pumzi na wa vigimbi vinavyoibana mishipa kila hatua. Mtoto huyo akikalishwa, tumemnyang'anya pampu aliyobakiwa nayo. Ndiyo sababu kwake yeye tunahangaika na vigimbi, mapaja na misuli ya kuvutia pumzi kuliko kitu kingine chochote.

Na tusichanganye haya na ugonjwa wa moyo unaoletwa na homa ya baridi yabisi, ule unaofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa. Huo mtoto hakuzaliwa nao, na karatasi yake ni nyingine.

Je, mazoezi yanasaidia kweli au ni maneno ya sisi watu wa viungo? Mwaka 2005 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya watoto 16 wenye kasoro nzito, wengi wao wa huo upasuaji wa Fontan. Walifanya mazoezi ya saa moja mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12. Watoto 15 kati ya 16 waliongeza uwezo. Walipopimwa tena miezi kadhaa baadaye, faida ilikuwa bado ipo. Mazoezi yenyewe yalikuwa michezo, kuruka na kucheza ngoma, vifaa vilikuwa vya bei rahisi. Hakuna hata kimoja humo kisichowezekana Lamu, isipokuwa mashine ya kupimia pumzi, na hiyo nayo tuna njia ya kuizunguka.

Njia hiyo ni kutembea dakika 6. Tafuteni mahali sawa, pasipo ngazi wala punda, penye urefu wa mita 30. Varanda ya shule inafaa. Barabara ya pwani haifai, maana kila baada ya hatua kumi mtu anapisha mkokoteni. Wekeni kiti au chupa kila mwisho, na pigeni alama ya chaki kila mita 3. Mtoto apumzike kitini dakika 10 kwanza, kisha aandikwe mapigo na oksijeni yake. Aambiwe hivi: tembea, usikimbie, nenda mbali kadiri uwezavyo, ukichoka simama uegemee, ukipata nafuu endelea, saa haisimami. Kila dakika mwambieni neno lilelile, "vizuri, zimebaki dakika tano", basi. Makosa tunayoyaona ni matatu. La kwanza, mzazi hutembea bega kwa bega na mtoto, na mtoto hufuata mwendo wa mzazi. La pili, uwanja huwa mfupi. Wa mita 10 una kugeuka mara tatu zaidi, na kila kugeuka kunakula muda, hivyo jibu lake halilingani na la mita 30. La tatu, kipimo cha kwanza hufanywa asubuhi na viatu vya shule, na cha pili alasiri na ndara. Mahali pawe palepale, saa ileile, viatu vilevile. Andikeni mita, mapigo mara tu anaposimama, oksijeni, na uchovu wenyewe kwa alama za 0 hadi 10 anazozitaja mtoto.

Hizo alama 0 hadi 10 ndizo kipimo chetu kikuu, tena tunaziamini kuliko mapigo. Mtajiuliza kwa nini, na kila simu sasa inahesabu mapigo. Ile kanuni ya 220 toa umri, mnayoiona kwenye mitandao, ni ya watu wazima. Mtoto mwenye moyo mzima, awe na miaka 8 au 15, akikimbia mpaka mwisho wa nguvu zake hufika karibu mapigo 195 hadi 200 kwa dakika. Mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa moyo mara nyingi hawezi kufika hapo, na anayemeza dawa kama propranololi ndiyo kabisa, dawa imemfunga breki. Mkimlazimisha afikie nambari inayotajwa na simu mtamwua kwa uchovu. Kwa hiyo 0 ni amekaa, 10 ni hawezi hatua nyingine, na sisi tunataka 4 hadi 6. Hapo anaweza kukujibu kwa sentensi nzima, lakini hawezi kuimba kasida ubeti mzima bila kukata pumzi. Akiimba vizuri, ongeza mwendo. Akikujibu neno moja moja, punguza.

Sasa wiki za mwanzo baada ya upasuaji wa kifua. Mfupa wa kidari ulipasuliwa katikati ukafungwa, na huchukua kati ya wiki 6 na 8 kushika. Katika muda huo mtoto mdogo asinyanyuliwe kwa makwapa. Weka mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega na kichwa, umchote kama unavyochota unga kwa mikono miwili. Asivutwe mkono kupanda ngazi, na ngazi za nyumba zetu mnazijua zilivyo wima. Asibebe mkoba wa shule, asipande punda, asiendeshe baiskeli. Michezo ya kugongana kama mpira hungoja miezi 3 hivi. Kuogelea hungoja kidonda kifunge kabisa na daktari aseme ndiyo.

Lakini kutembea kunaanza siku za mwanzoni hospitalini. Nyumbani aanze na dakika 5, mara tatu kwa siku, aongeze dakika 2 au 3 kila baada ya siku mbili ikiwa hakulala hoi jana yake. Mabega nayo yasisahauliwe. Mtoto mwenye kidonda kifuani hujikunja mbele kukilinda, na akiachwa hivyo mgongo huzoea. Ainue mikono yote miwili pamoja, polepole, mpaka pale inapoanza kuvuta, mara 10, asubuhi na jioni. Aliyepasuliwa ubavuni anahitaji hilo zaidi, maana mkono wa upande ule hukakamaa. Akikohoa akumbatie mto.

Kwa pumzi, kuna kifaa cha bure. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, usiifunge kifuniko, tia maji kimo cha sentimita 10. Tumbukiza mrija mpana mpaka karibu na chini, mtoto avute pumzi kwa utaratibu na kuitoa kupitia mrija ili maji yatoe mapovu. Mapumzi 8 hadi 10, apumzike, arudie mara tatu. Mrija mwembamba wa soda hauna faida hapa, unambana pumzi kuliko maji yenyewe. Maji yakizidi kimo hicho kazi huwa nzito na mtoto hujikaza. Maji yamwagwe kila siku na chupa ioshwe, na mtoto mdogo asimamiwe asije akayanywa.

Daktari akisharuhusu, na mara nyingi ni baada ya wiki 6 mpaka 12, ndipo programu yenyewe inaanza. Wiki 12, siku tatu kwa wiki, siku zisifuatane. Kila kikao dakika 45. Dakika 10 za kwanza ni kupasha mwili moto: kutembea, kuzungusha mikono, kupiga magoti juu taratibu. Nyingine 20 ni za pumzi. Hapo mwanzo hazitawezekana moja kwa moja, kwa hiyo wiki mbili za kwanza atembee kwa haraka dakika 1 na kupumzika dakika 1, mara 8. Wiki ya tatu na ya nne atembee dakika 2 apumzike 1. Kuanzia wiki ya tano pumziko liwe kutembea polepole, asikae. Kufikia wiki ya nane wengi huweza dakika 15 mfululizo, na hapo ndipo tunaingiza kuruka kamba sekunde 20, mchezo wa kati, kukimbizana. Tunapendelea michezo kuliko kutembea kwa amri, kwa sababu mtoto akichoshwa na mazoezi hatorudi, na programu aliyoiacha wiki ya tatu haimfai kitu.

Dakika 10 zinazofuata ni za nguvu. Kuinuka kitini bila kushika, mara 10, raundi mbili. Kusimama kwa ncha za vidole kwenye kidato cha chini cha ngazi, ameshika ukuta, mara 12. Kuusukuma ukuta kwa mikono miwili, mara 10, hili baada ya kidari kupona. Chupa za maji za nusu lita mkononi zinatosha, ni nusu kilo kila moja. Hatari yake hapa ni kuziba pumzi. Mtoto akijikaza na kuzuia pumzi, presha ya kifuani hupanda na damu inayorudi moyoni hupungua ghafla. Kwa yule asiye na pampu ya mapafu hilo ni jambo kubwa. Dawa yake ni rahisi: ahesabu kwa sauti. Anayehesabu kwa sauti hawezi kuziba pumzi. Na ndoo ya lita 20 kutoka kisimani ni kilo 20, tafadhali, hiyo si sehemu ya mazoezi.

Dakika 5 za mwisho ndizo zinazorukwa sana, na ndizo zinazoangusha watoto. Mtoto amekimbia, filimbi imelia, amesimama wima kwenye mstari kusikiliza mwalimu. Mishipa ya miguu bado imepanuka, vigimbi vimeacha kusukuma, damu inakaa chini, kichwa kinazunguka. Asisimame, atembee polepole mpaka pumzi irudi.

Waalimu, hebu mtusikilize hapa. Mkimwona mtoto amekimbia kidogo kisha amechuchumaa, magoti kifuani, midomo imebadilika rangi, msimwambie simama, msimkaripie kuwa mvivu. Huyo anajitibu. Akichuchumaa, mishipa ya miguu inabanwa, upinzani wa damu kwenda mwilini unapanda, na damu zaidi inasukumwa kwenda mapafuni kuchukua oksijeni. Watoto wenye kasoro ya Fallot ambayo haijatengenezwa hulijua hili bila kufundishwa na mtu. Akiwa mdogo na rangi ikawa mbaya ghafla, analia hatulii, mkunje magoti mpaka kifuani, mtulize mikononi mwa mtu anayemjua, na apelekwe hospitali. Mtoto anayechuchumaa hivyo, na hajafanyiwa upasuaji, hayumo katika programu ya wiki 12. Anahitaji daktari wa moyo, na upesi. Tukisema rangi imebadilika, kwa ngozi zetu usiangalie uso. Angalia ulimi, fizi na ndani ya mdomo wa chini, mahali penye mwangaza wa jua, na umjue alivyo siku zake za kawaida.

Kile kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kinasaidia, ila kina ujanja wake. Harusi zikiingia, wasichana wetu hupakwa hina na piko. Hina nyekundu kwa kawaida haiharibu kipimo sana, lakini piko nyeusi inaweza kuzuia mwangaza kabisa, na kifaa kikatoa nambari ya uongo au kisitoe kitu. Jaribu kidole kisichopakwa, au kidole cha mguu. Rangi ya kucha ifutwe. Mkono uwe na joto, usitikisike, na ungoje sekunde 30 nambari itulie. Mtoto mwenye moyo mzima huwa na asilimia 95 kwenda juu. Baadhi ya watoto wetu hukaa 80 na kitu hata wakiwa wamelala, na hiyo ndiyo kawaida yao mpaka watengenezwe. Kwa hiyo nambari ya kusimamisha mazoezi iandikwe na daktari kwa kila mtoto, asiazime ya jirani.

Joto la pwani halikuandikwa katika vitabu vya Boston. Miezi ya kaskazi, hasa Januari mpaka Machi, jua na unyevunyevu vinachosha hata mtu mzima. Mazoezi ya nje yawe kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu jioni. Anywe maji kabla, katikati na baada, isipokuwa yule ambaye daktari amempimia maji ya kunywa kwa siku. Mtoto mwenye oksijeni ndogo ana damu nzito, mwili wake umetengeneza chembe nyekundu nyingi kufidia. Akipungukiwa na maji damu hiyo huganda kwa urahisi, hata kwenye ubongo. Anayemeza dawa ya kukojoa naye yuko karibu na hatari hiyo. Akiharisha au akitapika, hakuna mazoezi mpaka apone.

Ramadhani inakuja kila mwaka na swali lake. Mtoto mwenye oksijeni ndogo, au wa dawa ya kukojoa, asifunge kabla ya daktari kusema, na hapo maustadhi mtusaidie, kwa sababu mtoto hukubali maneno yenu kuliko yetu. Anayefunga kwa ruhusa, vikao vyake viwe usiku, saa moja na nusu au zaidi baada ya kufuturu, na viwe vifupi.

Mchanga nao una hesabu yake. Kutembea kwenye mchanga mlaini kunaweza kula nguvu mara mbili au zaidi ya kutembea pagumu kwa mwendo uleule. Kwa hiyo ufuo wa Shela ni mzuri, lakini nendeni maji yakipwa, mtembee kwenye mchanga mgumu uliolowa. Vile vilima vya mchanga nyuma viachieni wiki za mwisho. Na upepo uwe mbele yako unapokwenda na nyuma yako unaporudi. Wakati wa kusi, anayetoka mjini kwenda Shela anaukabili upepo angali na nguvu, kisha unamsindikiza kurudi akiwa amechoka. Wakati wa kaskazi geuzeni, anzeni Shela.

Kuogelea hatukukatazi, nani angetusikia hapa. Ila mtoto aliyewahi kuzimia, au mwenye mapigo yanayovurugika, asiingie majini mpaka daktari aseme, kwani kuzimia barazani ni jambo moja na kuzimia majini ni jingine. Wengine waogelee na mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika, na wasishindane kuzamia na kuziba pumzi chini ya mashua. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asicheze michezo ya kugongana, na wenye kifaa cha mapigo kifuani wasipigwe mpira hapo.

Mazoezi yasimame mara moja mtoto akizimia au akikaribia kuzimia, akishika kifua kwa maumivu, akisema moyo unapapatika, rangi ya ulimi ikiwa mbaya kuliko kawaida yake, au pumzi isiporudi ndani ya dakika 10. Siku hiyo hakuna tena, na daktari aambiwe. Kuhema, kutoka jasho na miguu kuuma kesho yake si dalili za hatari. Tunayasema haya kwa sababu mara nyingi hofu huanzia kwenye jasho.

Akianguka, hajibu, na hapumui vizuri: mmoja aite msaada, mwingine amlaze chali mahali pagumu, aweke kiganja katikati ya kifua na kukandamiza mpaka kifua kishuke kiasi cha theluthi ya kina chake, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila 30, pumzi 2 mdomoni. Kusiwe na kumwagia maji wala kumpepea kwanza. Gari la wagonjwa haliingii vichochoroni mwetu, kwa hiyo kila shule ijue mapema ni nani ana machela, ni njia ipi inapitika, na nambari ya nani inapigwa. Hilo lipangwe sasa, kabla ya siku yenyewe.

Wiki ya 12 ikiisha mrudie ile varanda, mita zilezile. Nambari za mita zikipanda, ama mita zilezile zikitembewa kwa uchovu mdogo, zoezi limekubali. Zisipopanda, angalieni kwanza alihudhuria mara ngapi kabla hamjaulaumu moyo. Akiwa alihudhuria vizuri na bado ameshuka, mpigieni daktari wa moyo, hiyo ni habari anayoihitaji. Kisha mtoto aendelee. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mwendo kila siku, na wengi wa watoto wetu wa moyo wanaweza kuifikia kidogokidogo, dakika 10 za kwenda madrasani kwa miguu zikiwemo. Mwenye kuacha miezi mitatu aanze tena kwa dozi ya wiki ya tatu, asirukie alipoishia.

Karatasi za ruhusa ziko mezani hapo mlangoni. Kila mtoto achukue tatu: moja ya nyumbani, moja ya shule, moja ya madrasa. Sehemu ya juu ataijaza daktari wa moyo, jina la kasoro, dawa, kilichokatazwa na sababu yake. Sehemu ya chini tutaijaza sisi leo kabla hamjaondoka, kwa hiyo wenye barua za kliniki zitoeni mapema, na wenye viatu vya kutembelea wapange foleni upande wa varanda, tunaanza kupima.